Kuongeza Chumba Katika Nyumba Yako: Mambo ya Kutimiza Kabla ya Kuchimba Msingi

Huja siku ambapo nyumba haiwatoshi tena waliomo. Watoto waliokuwa wakilala kitanda kimoja wamekuwa wakubwa, na mvulana hawezi tena kulala chumba kimoja na dada zake. Mama mzee ameletwa kutoka mashambani kwa sababu ya ugonjwa. Au mwenye nyumba mwenyewe amestaafu, naye ataka chumba kimoja cha kupangisha ili apate fedha za matumizi. Basi humwita fundi siku ya Jumamosi, wakapima kwa hatua za miguu mahali palipobaki wazi nyuma ya jiko, wakapatana bei, na Jumatatu mchanga umekwisha kumwagwa mlangoni. Mambo haya hufanyika upesi na kwa nia njema. Lakini mara nyingi katika wiki ya tatu, kuta zikiwa zimefika kimo cha dirisha, huja afisa wa kaunti akabandika ilani ukutani, na kazi ikasimama. Fedha zimekwisha kulipwa, saruji iliyobaki inaganda katika mifuko yake, na familia ingali inalala kwa kubanana kama zamani.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa namna hiyo, ili ajue sheria za Kenya zamtaka nini kabla hajatia jembe katika ardhi.

Sheria inayotawala jambo hili ni ile ya mwaka 2019 ihusuyo mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1996. Neno lake kubwa ni moja: hapana mtu awezaye kufanya ujenzi katika kaunti yo yote pasipo kibali cha serikali ya kaunti hiyo. Wako watu wanaodhani kwamba kibali ni cha nyumba mpya tu, na kwamba aliyekwisha kupata kibali cha nyumba yake miaka 20 iliyopita amepewa ruhusa ya milele juu ya kiwanja chake. Sivyo. Ramani iliyopitishwa wakati ule ilikuwa ya vyumba vile vilivyochorwa, na chumba kisichokuwamo katika ramani ile ni jengo jipya mbele ya sheria, hata kama kimeegemea ukuta wa zamani. Hakuna afisa atakayekudai kibali kwa kupaka rangi au kubadili kitasa kilichovunjika. Lakini mara unapoinua ukuta mpya, unapoongeza ghorofa, unapoezeka ua uliokuwa wazi ukaufanya jiko, au unapogeuza sebule kuwa duka, umeingia katika mambo yanayohitaji ruhusa.

Adhabu yake si ndogo. Mtu aanzaye kujenga bila kibali, akipatikana na hatia mahakamani, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Zaidi ya hayo, kaunti ina uwezo wa kumpa ilani ya kumwamuru asimamishe kazi na kurudisha mahali pale katika hali yake ya kwanza, maana yake ni kubomoa.

KWA NINI KAUNTI HUULIZA

Wengi husema kwamba kibali ni njia ya kukusanya ada tu. Ada zipo, na hapana mtu apendaye kulipa ada. Lakini tazama jambo lililompata jamaa yangu mmoja, katika mji ambao sina haja ya kuutaja. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kifuniko cha chuma cha bomba la maji machafu, lile bomba kubwa linalopokea maji ya nyumba kadha wa kadha. Fundi wake alimwambia kwamba kifuniko kile kitafaa kuwa sehemu ya sakafu, akakifunika kwa zege, na juu yake pakawa chumba cha kulala cha watoto. Miaka miwili haikuonekana neno. Ilipokuja mvua ya masika ya mwaka wa tatu, bomba liliziba, na kwa kuwa mahali pake pa kufungulia palikuwa pamefunikwa, maji machafu ya nyumba tisa yalipanda yakatokea chini ya kitanda. Sakafu ilivunjwa kwa nyundo usiku, watoto wakahamishwa kwa jirani, naye jirani mwenyewe alikuwa amekasirika kwa kuwa choo chake pia kilikuwa kimejaa. Afisa ambaye angaliiona ramani ya chumba kile angalikataa kwa dakika moja, kwa sababu ramani za mabomba zimo ofisini mwake.

Mambo mengine ya namna hiyo ni mengi. Nyaya kubwa za umeme zina ukanda wake ambao haujengwi. Mito nayo ina ukingo wake, na ukingo huo waweza kufika mita 30 kutoka mahali maji yanapofika mto unapofurika. Walioongeza vyumba vyao kuelekea mtoni katika Nairobi wamebomolewa mara kwa mara, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaonyesha wote kwa nini ukingo ule umewekwa. Barabara iliyo mbele ya nyumba ina mstari wake wa ujenzi, nao haupimwi kutoka ukingo wa lami unaouona leo, bali kutoka mpaka wa barabara ulio katika ramani ya upimaji. Siku barabara itakapopanuliwa, aliyejenga ndani ya mpaka ule hatalipwa kitu.

HESABU YA KIWANJA

Jambo linalowashangaza watu wengi ni kwamba kiwanja ni chao, lakini hawaruhusiwi kukifunika chote. Kila eneo la mji lina kiasi chake cha ardhi ya kiwanja kinachoweza kukaliwa na majengo, na kiasi hicho hutofautiana: katikati ya mji ni kikubwa, na katika mitaa ya nyumba za familia ni kidogo. Basi neno la kwanza la kuuliza katika ofisi ya mipango ya kaunti ni hili: katika mtaa wangu, sehemu gani ya kiwanja yaweza kujengwa, na ni futi ngapi zipasazo kuachwa mbele, nyuma na kando?

Tuseme una kiwanja cha futi 50 kwa 100, kama vilivyo vingi katika nchi yetu. Eneo lake ni futi za mraba 5,000. (Wauzaji wa ardhi hupenda kukiita kiwanja hiki thumuni ya eka, lakini thumuni kamili ya eka ni futi za mraba 5,445, usinunue kwa jina, nunua kwa kipimo.) Tuseme tena kwamba mtaani kwako nusu ya kiwanja ndiyo inayoruhusiwa. Basi huwezi kufunika zaidi ya futi za mraba 2,500, na katika hesabu hiyo huingia nyumba ya zamani, nyumba ya mtumishi iliyo nyuma, stoo, na banda la gari lenye paa. Ikiwa hivyo vyote kwa pamoja ni futi 2,300, umebakiwa na futi 200 tu, yaani chumba kimoja cha futi 10 kwa 12 na choo kidogo. Heri kuyajua haya kwa kalamu na karatasi kuliko kuyajua baada ya matofali 3,000 kushushwa.

Mitaa ya mashariki ya Nairobi yatupa mfano mzuri wa jambo hili. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, nyumba zake zikiwa za familia, kila moja na ua wake mdogo. Leo ni vigumu kuona nyumba iliyobaki kama ilivyokabidhiwa. Wengine wameongeza chumba cha kijana nyuma, wengine wamejenga vyumba vya kupangisha mbele mpaka ukutani, na nyumba nyingi zilizo kando ya barabara ya Mumias South zimegeuka kuwa maduka. Katika Dandora, mpango uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970 ulitoa viwanja 6,000 hivi, vyenye choo na bafu, na mwenye kiwanja akatakiwa ajenge vyumba mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Wazo lilikuwa jema, maana watu wa mshahara mdogo hawawezi kujenga nyumba nzima kwa mara moja. Lakini sehemu nyingi siku hizi pana majumba ya ghorofa juu ya viwanja vile, na bomba lililolazwa kwa ajili ya familia chache lapokea maji ya watu mara nyingi zaidi. Silaumu mwenye nyumba mmoja mmoja. Kila mmoja aliongeza kidogo tu. Ndivyo bomba linavyojaa.

HEWA, MWANGA NA UKUTA WA JIRANI

Fundi asiye na ramani huanza mahali panapofaa kwa kazi yake, na mahali hapo mara nyingi ni penye dirisha. Chumba kipya huegemezwa ukuta wa nyuma, na dirisha la chumba cha zamani likawa linatazama ndani ya chumba kipya, au likazibwa kabisa kwa tofali. Familia imepata chumba kimoja na kupoteza kingine, maana chumba kisicho na hewa huwa na unyevu na kuvu, na ikiwa yumo mgonjwa wa kifua, ugonjwa huwaendea wote. Kipimo ambacho wasanifu wamekizoea kwa muda mrefu ni kwamba eneo la dirisha lisipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120, kwa hiyo dirisha lake liwe futi za mraba 12, yaani futi 3 kwa 4, nalo liwe la kufunguka, na litazame nje.

Kuhusu jirani, nyumba nyingi za mijini zimeshikana, na ukuta mmoja hutumika na nyumba mbili. Usipige tundu katika ukuta huo wala kuegemeza boriti zako juu yake kabla hujapatana na mwenzako kwa maandishi. Nenda kwake na ramani mkononi, keti, mweleze. Mtu aliyeonyeshwa ramani mapema mara chache huwa mshtaki. Maji ya paa lako yaanguke katika kiwanja chako, wala dirisha lako lisitazame moja kwa moja bafuni mwake.

Wako pia watu wengine wa kuulizwa ambao si majirani. Ikiwa nyumba ingali na deni la benki, hati yake iko benki, na mkataba wa mkopo kwa kawaida huitaka benki ikubali kwanza. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kwa miaka, soma masharti yaliyoandikwa katika hati, kwa kuwa huenda yakasema nyumba moja ya makao tu. Ikiwa mtaa wenu una kampuni ya kuusimamia, nayo ina kanuni zake. Na ikiwa mali ni ya ndugu kadhaa waliorithi pamoja, heri wote watie sahihi, kwani kesi za ndugu juu ya chumba kilichojengwa katika ardhi ya wote ni ndefu kuliko kesi zote.

JINSI YA KUOMBA

Ombi huandikwa katika fomu ya kaunti, na siku hizi Nairobi na kaunti nyingine kadhaa hulipokea kwa njia ya kompyuta. Pamoja na fomu huwekwa nakala ya hati ya kumiliki ardhi, ramani ya upimaji ionyeshayo mipaka, risiti ya kodi ya ardhi, na michoro ya jengo. Michoro ionyeshe vitu viwili kwa rangi au mistari mbalimbali: kilichopo na kitakachoongezwa. Ichorwe na msanifu majengo aliyeandikishwa na bodi yake, na ikiwa patakuwa na ghorofa au nguzo za zege, mhandisi aliyeandikishwa atie sahihi michoro yake ya nondo na msingi. Omba kuona cheti cha mtu huyo kabla ya kumlipa. Wako wenye kuchora vizuri ambao sahihi yao haina thamani yo yote mbele ya kaunti, na ombi litarudishwa.

Ukitaka chumba kipya kiwe duka, saluni au shule ya watoto wadogo, hilo ni ombi la pili: kubadili matumizi ya ardhi. Hilo hutangazwa, na bango husimikwa kwenye kiwanja, ili majirani wapate nafasi ya kusema.

Sheria yasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Wengi wamelisikia neno hili na kulifurahia. Mimi namshauri msomaji alitumie kwa uangalifu. Siku 60 huhesabiwa tangu ombi kamili lilipopokelewa, si tangu ulipozungumza na karani ukumbini. Weka risiti yenye tarehe, na siku zikipita, andika barua ya kuulizia, utunze na nakala yake. Ombi likikataliwa, ni lazima sababu zielezwe kwa maandishi, na mwenye kutoridhika ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti ya mambo ya mipango, na baadaye mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache, basi usiikunje barua ukaisahau kabatini.

Kibali kikipatikana, bado pana Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kazi huandikishwa kwake, naye mjenzi awe ameandikishwa, na bango liwekwe penye kazi. Kanuni za ujenzi zenyewe zilikuwa za mwaka 1968 kwa zaidi ya nusu karne. Kanuni mpya za taifa zilitangazwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, kwa hiyo fundi akuambiaye kwamba yeye ajua vipimo tangu zamani, mwulize kama amevitazama vipya.

MSINGI

Hapa ndipo penye hatari ya maisha. Msingi wa nyumba ya chini ulichimbwa kubeba ukuta mmoja na mabati. Ukiweka ghorofa juu yake, umeutwika mzigo ambao hakuna mtu aliyeukadiria. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa kadhaa lililokuwa karibu na mto liliporomoka wakati wa mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Lile lilikuwa jengo kubwa la wapangaji, nasi twasema habari za nyumba ndogo, lakini uzito haujali ukubwa wa familia. Mwenye kutaka kupanda juu amwite mhandisi achimbe kando ya msingi wa zamani na kuutazama kwa macho. Mara nyingine atasema yawezekana, mara nyingine atataka nguzo mpya zinazojitegemea, na mara nyingine atasema hapana.

Hata chumba cha chini kina mashaka yake. Katika sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi udongo ni ule mweusi unaonata, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu yake. Chumba kipya kitaendelea kushuka, na ufa utatokea mahali viwili hivyo vinapokutana. Kwa hiyo udongo ule huondolewa mpaka ardhi ngumu, na mhandisi huacha mwanya kati ya ukuta wa zamani na mpya badala ya kuvifunga pamoja. Zege likimwagwa, linyweshewe maji kwa muda wa siku 7 angalau. Nguvu zake huhesabiwa kwa siku 28, na fundi atakaye kuondoa mbao za ghorofa siku ya tano ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

Nyumba za zamani nyingine zimeezekwa kwa asbesto. Usiruhusu ivunjwe kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno ili kuunga paa jipya, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Kuna watu wenye leseni ya kuiondoa.

Watu wa pwani wana jambo la ziada. Lamu imekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa nao ni eneo la hifadhi. Huko kuongeza nyumba ni desturi ya kale: baba aliinua orofa kwa ajili ya binti aliyeolewa, na mahali palipokosa nafasi alivusha wikio juu ya njia mpaka nyumba ya pili. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mita 2.5 hadi 3 hivi. Leo mwenye nyumba katika maeneo hayo huonana kwanza na ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa, na ataulizwa juu ya chokaa, milango, madirisha na kimo. Saruji juu ya kuta za matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza polepole.

Kazi ikianza, mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi na kabla ya kufukia mabomba, kwa maana kilichofunikwa hakikaguliki. Mwisho wa kazi, dai cheti cha kuruhusu watu kukaa, ukiweke pamoja na hati ya ardhi na ramani yenye mhuri. Atakayenunua nyumba hiyo kwa watoto wako ataviomba vyote vitatu.